Kiasi cha Bunduki na Umaskini wa Kujitakia

Msomaji wa magazeti yetu ya Kiswahili amezoea kukutana na sentensi ya namna hii: polisi waliokota risasi tatu mahali pa tukio. Risasi zipi hizo? Ni tatu ambazo hazijafyatuliwa, zikiwa kamili na baruti yake ndani? Ni maganda matatu matupu yaliyotemwa na bunduki baada ya kazi kwisha? Au ni vipande vitatu vya madini vilivyochokolewa ukutani au, Mungu apishe mbali, mwilini mwa marehemu? Hakimu anayesikiliza kesi ya mauaji hawezi kuvichukulia vitu hivi kuwa kimoja, kwani cha kwanza chaweza kuonyesha kilichokuwa kikikusudiwa, cha pili chaweza kuonyesha mfyatuaji alikuwa amesimama wapi, na cha tatu alikuwa amelenga wapi. Hata hivyo sisi tuandikao na tusomao Kiswahili tumevitia vyote katika kapu moja, tukalifunika kwa neno "risasi", tukatosheka.

Nimelazimika kulifikiria jambo hili kwa makini kutokana na kazi ambayo sikuitarajia. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Mei 1977, na mimi si miongoni mwa wanaotaka urejeshwe. Lakini jirani zetu wa Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii, na baadhi ya wageni wanaokwenda huko, Wamarekani hasa, hubeba risasi walizozitengeneza kwa mikono yao wenyewe nyumbani kwao. Rafiki yangu mmoja, mfasiri mkazi wa Arusha, alipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha Kiswahili cha kuwaeleza waongozaji wa wawindaji risasi hizo ni kitu gani, hutengenezwa vipi, na kwa nini risasi iliyotengenezewa bunduki moja haifai kutiwa katika bunduki nyingine. Alinitumia rasimu yake niipitie. Katika ukurasa wa tatu nilikuta onyo lisemalo: "Ukibadilisha risasi, punguza risasi kwanza."

Katika Kiingereza kilichokuwa kikitafsiriwa, onyo hilo lilikuwa wazi kama jua la adhuhuri. Lilimwambia mtu kwamba akibadilisha kile kipande cha madini kinachoruka, basi apunguze baruti, kisha aiongeze tena hatua kwa hatua. Katika Kiswahili cha rasimu, msomaji angeweza kudhani anaambiwa abebe risasi chache zaidi mfukoni, au achague kipande chepesi zaidi na kuiacha baruti ilivyo. Kosa la tafsiri ya shairi humuudhi mshairi. Kosa la tafsiri hii laweza kumpofua mtu.

Tuanze basi na kitu chenyewe. Risasi kamili ya bunduki ya kisasa ina viungo vinne. Lipo ganda, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, sehemu 70 za shaba kwa 30 za zinki. Kitakoni mwa ganda hukaa fataki, kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Ndani ya ganda mna baruti. Na mdomoni, kimebanwa na shingo ya ganda, hukaa kile kipande kirukacho, ambacho kwa sasa nitakiita kichwa. Mtu akishafyatua, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda peke yake ndilo hubaki, na aghalabu ndilo ghali kuliko hayo mengine. Wawindaji wa Marekani wa karne ya 19, walioishi mbali na maduka, waliona ni hasara kulitupa. Wakalijaza tena.

Siku hizi wengi wa wafanyao hivyo hawatafuti kubana matumizi. Wanatafuta shabaha. Risasi ya kiwandani hutengenezwa ili iingie katika kila bunduki ya aina yake duniani, kama kiatu cha dukani. Ile ya mkono hushonwa kwa kipimo cha mguu mmoja.

Sasa nije kwenye neno. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuwa ameishi Unguja na ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha kisiwa hicho. Ukitafuta humo jina la risasi kamili, yaani kitu chote kwa ujumla wake, utaona kwamba Waswahili wa wakati huo walikiita kiasi cha bunduki.

Hilo si jina la bahati nasibu. Zilikuwa zama za gobori. Mtu alimimina baruti mtutuni, akatia popoo, akashindilia kwa mdeki. Baruti ikiwa haba, popoo haikufika. Ikiwa nyingi kupita kiasi, mtutu ulipasuka usoni pa mwenyewe. Kwa hiyo aliyeleta baruti iliyokwisha kupimwa na kufungwa pamoja na popoo yake, hakuwa akiuza madini wala unga. Alikuwa akiuza kipimo. Mwingereza na Mfaransa walikipa kitu hicho jina litokanalo na karatasi iliyokifunga. Mswahili aliipita karatasi akaenda moja kwa moja kwenye maana. Neno "risasi" nalo, tulilolichukua kutoka Kiarabu, lilikuwa na kazi yake mahususi: lilitaja yale madini mazito, laini, ya kijivu, ambayo hadi leo walimu wetu wa kemia huyaita kwa jina hilo hilo. Palikuwa na kiasi, palikuwa na fataki, palikuwa na baruti, palikuwa na popoo, na vile vijipande vidogo vya kuwindia ndege vikiitwa marisau. Kila kiungo kilikuwa na jina lake. Umaskini tulio nao leo hatukuurithi. Tumejitakia.

Turudi mezani kwa mtengenezaji. Ganda lililotumika huwa limetanuka kwa nguvu ya mlipuko, hivyo hulisukuma ndani ya kalibu ya chuma ili lirudie umbo lake. Kalibu ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Wazungu nao walilichukua huko huko, wakalitumia kutajia upana wa mtutu, na baadaye likatujia mara ya pili kutoka kwao kwa sura ya "kaliba", tunapotaka kusema kwamba mwandishi fulani ni wa kaliba ya juu. Neno moja limeingia nyumbani kwetu kwa milango miwili, na wengi wetu huwaona ndugu hao wawili wakipishana kibarazani bila kujua kuwa ni wa tumbo moja.

Baada ya kalibu huja mizani, na hapa palizuka mzozo baina yangu na baadhi ya wenzangu. Baruti na vichwa hupimwa kwa kipimo cha Kiingereza kilicho kidogo mno: paundi moja ina 7,000 vya namna hiyo, na kimoja ni kama miligramu 65. Mizani ya kawaida ya mtengenezaji huonyesha hadi sehemu ya kumi ya kipimo hicho, yaani miligramu sita na nusu hivi. Jina lake la Kiingereza lina maana ya punje, kwani hapo kale uzito wake ulihusishwa na punje ya nafaka. Wenzangu wapenda asili walitaka tuandike "punje". Nilipinga. Baruti ya bunduki za siku hizi si unga; ni vijiti au vidonge vidogo sana, yaani kwa macho ni punje hasa. Mwambie mtu atie punje 40 za baruti, naye, kwa utiifu kamili, ataketi ahesabu punje 40. Kichwa huenda kikakwama katikati ya mtutu, na risasi itakayofuata ikaupasua. Nikashauri tuandike "greni". Ni neno geni lisilo na uzuri wowote, lakini halimdanganyi mtu. Kupenda lugha si kuchagua neno la asili kila mara. Ni kuchagua neno ambalo halitaleta maafa.

Kwa nini mtu ahangaike na miligramu? Chukua kichwa chenye kipenyo cha milimita 6.5 kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 820 kwa sekunde. Kufika mita 600 hutumia muda usiopungua sana sekunde moja, na kwa muda huo mvuto wa ardhi huwa umekishusha zaidi ya mita tatu. Hilo pekee si tatizo, kwani darubini ya bunduki hurekebishwa kulifidia. Tatizo ni risasi itakayofuata. Ikitoka kwa kasi iliyopungua kwa asilimia moja tu, yaani mita nane kwa sekunde, itapiga sentimita sita au saba chini ya ile ya kwanza. Kinachopotosha ni kwamba katika mita 100 tofauti hiyo hiyo huwa milimita moja au mbili, ambazo jicho haliwezi kuzitenga na makosa mengine. Mtu anayejaribu risasi zake katika mita 100 pekee hawezi kuiona kasoro ambayo itamwaibisha mbele.

Na aibu si neno linalotosha. Eneo la moyo na mapafu la mnyama wa ukubwa wa kulungu ni kama upana wa sahani ya kulia wali. Ondoa sentimita saba za baruti isiyolingana, ondoa upepo uliokadiriwa vibaya, ondoa pumzi ya mwindaji, na utaona sahani hiyo ikigeuka kisahani cha kikombe. Anayeikosa kwa upande mbaya hamkosi mnyama. Humpasua tumbo au humvunja taya, naye mnyama huenda kufa vichakani siku ya pili au ya tatu. Kwa maoni yangu, hata kiasi kilicho sawa kabisa hakihalalishi kumlenga mnyama kwa umbali wa mita 600, maana katika karibu sekunde hiyo moja ya safari mnyama huweza kupiga hatua, na hakuna mizani ipimayo nia ya mnyama. Mizani humsahihisha mtengenezaji na bunduki yake, basi.

Kazi ya kutafuta kiasi kinachoifaa bunduki huanza kwenye jedwali lililochapishwa na watengenezaji wa baruti au wa vichwa. Mtu huanzia chini, hupanda kidogo kidogo, hupima kasi kwa chombo, huangalia dalili za nguvu kuzidi, kisha hubadilisha kina cha kichwa katika shingo ya ganda na kutazama matundu yanavyokusanyika kwenye shabaha. Hapo ndipo ufundi unapogeuka kuwa somo la takwimu, na ndipo wengi wanapojidanganya.

Desturi iliyoenea ni kufyatua risasi tatu kwa kila kiasi. Mtu hujaribu viasi kumi. Kimojawapo kinatoboa matundu matatu yanayofunikwa na sarafu moja. Naye hupiga kelele kwamba ameipata siri ya bunduki yake. Hajaipata. Bunduki ile ile, kwa kiasi kile kile, ikifyatua mara kumi, kundi la matundu kwa wastani huwa na upana uliozidi mara moja na nusu ule wa kundi la matatu. Na ukichukua makundi kumi ya matatu matatu ukachagua lililo dogo kuliko yote, ulichochagua kwa sehemu kubwa ni bahati. Katika miaka ya karibuni wahandisi wa kampuni ya Hornady ya Marekani wamekuwa wakilieleza jambo hili hadharani, na hawakupendwa na kila mtu kwa hilo, maana ni nani afurahiaye kuambiwa kwamba ugunduzi wake wa Jumamosi ulikuwa sadfa? Mimi sikushangaa. Nimesoma tasnifu ambamo wazee watatu wa kijiji kimoja waliulizwa maneno hamsini, na kwa ushahidi wao ikatangazwa lahaja.

Tofauti iliyoje na Franklin Mann, daktari wa Massachusetts, ambaye mwaka 1909 alichapisha kitabu kuhusu safari ya risasi kutoka kwenye baruti hadi kwenye shabaha, baada ya miaka mingi ya kufyatua na kuandika. Mann aliviharibu vichwa kwa makusudi, vingine nchani, vingine kitakoni, ili aone kasoro ipi ina madhara. Ilidhihirika kuwa nchani, ambako kila mtu hutazama, kasoro huvumilika. Kitakoni, ambako hakuna anayetazama, kasoro ndogo huipeleka risasi upogo. Ajuaye kiambishi cha mwisho cha kitenzi cha Kibantu hutenda makubwa kiasi gani atanielewa.

Nalo jambo la uwazi halina budi kutajwa. Hornady ilipoitoa risasi iitwayo 6.5 Creedmoor mwaka 2007, iliyobuniwa na Dave Emary kwa ushauri wa bingwa wa shabaha Dennis DeMille, pakiti zake za mwanzo zilichapishwa aina ya baruti na kiasi chake, ili mnunuzi aweze kuitengeneza mwenyewe ile ile. Haikuwa kawaida ya biashara hiyo. Leo risasi hiyo imeenea katika uwindaji wa masafa marefu, na siamini kwamba uwazi ule haukuchangia.

Ama kuhusu hatari, tarakimu moja inatosha. Kwa risasi ya .308 Winchester, iliyo ya kawaida sana, kiwango cha juu cha msukumo kinachokubaliwa na watengenezaji wa Marekani ni paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mara 2,000 ya msukumo wa hewa katika tairi la gari dogo, na hujengeka sentimita chache tu kutoka kwenye shavu la mfyatuaji. Kichwa kizito zaidi, au kilichokitwa ndani zaidi ya ganda, huweza kuupandisha msukumo huo bila greni hata moja ya baruti kuongezwa. Ndiyo maana onyo la ukurasa wa tatu tuliliandika upya hivi: "Ukibadilisha kichwa, ganda, fataki au aina ya baruti, punguza kiasi cha baruti, kisha panda polepole." Sentensi hiyo haina neno hata moja ambalo bibi yangu asingelijua, na haina neno "risasi" kabisa.

Fataki nayo ina historia yake nchini mwetu. Mwaka 1898, simba wa Tsavo walipokuwa wakiwala wafanyakazi wa reli, J. H. Patterson aliazima bunduki yenye nguvu kuliko yake. Simba mmoja alipotokea karibu naye, alifyatua, na badala ya mshindo akasikia mlio mkavu tu. Kiasi cha mtutu wa kwanza kiligoma. Alipopata fahamu akaufyatua mtutu wa pili, akamjeruhi mnyama, naye akatoroka. Kisa hiki kimesimuliwa kwa Kiswahili mara nyingi, na karibu kila mara nimesikia kwamba "bunduki ilikataa". Bunduki haikukataa, nyundo yake iligonga kama ilivyopaswa. Kilichokataa kilikuwa ndani ya ganda. Wahariri wetu, ambao hawaandiki habari za simba kila siku lakini huandika za bunduki karibu kila juma, wangefanya hisani kubwa kwa mahakama na kwa wafiwa iwapo wangetenganisha viasi kamili, maganda na vichwa.

Limebaki neno "kichwa", ambalo niliahidi kuwa ni la muda. Pingamizi lililonipa shida lilitoka California. Huko ndege mkubwa mla mizoga, kondori, alikaribia kutoweka. Mwaka 1982 walihesabiwa 22 tu waliobaki. Miongoni mwa yaliyomuua, na yanayoendelea kumuua, ni vipande vya madini ya risasi anavyovila katika matumbo ya wanyama yaliyoachwa porini na wawindaji. Kuanzia Julai 1, 2019, sheria ya jimbo hilo imekataza madini hayo katika uwindaji wote. Mwindaji hana budi kutumia kichwa cha madini mengine, na kwa bunduki za masafa marefu hayo kwa kawaida ni shaba. Kwa vile shaba ni nyepesi kuliko risasi, kichwa cha uzito ule ule hurefuka. Hukalia nafasi kubwa zaidi ndani ya ganda au hutokeza zaidi nje, huhitaji mifereji ya mtutu izungushe kwa kasi zaidi ili kisiyumbe, na mtengenezaji aliyehangaika miaka mitano kutafuta kiasi chake huanza upya kutoka kwenye mstari wa kwanza wa jedwali.

Sasa, msomaji, iseme sheria hiyo kwa Kiswahili chetu cha magazeti: "Ni marufuku kuwinda kwa risasi zenye risasi, tumia risasi zisizo na risasi." Rafiki yangu alikuwa ameiandika hivyo hivyo, kwa kukata tamaa, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Nilimshauri aache kuniuliza mimi, aende awaulize waongozaji wenyewe ambao kijitabu ni chao. Alikwenda. Wakamjibu, wakishangaa kidogo kwamba watu wawili wenye shahada walikuwa wamelala macho kwa ajili hiyo, kwamba wao husema kichwa cha risasi na kichwa cha shaba, na kwamba cha shaba hupenya zaidi lakini hakimwangushi mnyama upesi kama kile cha zamani. Hilo la mwisho halikuwamo katika kitabu cha Kiingereza. Tumeliongeza.